Kasha la Slaidi za Protista: Vioo Vizuri, Vibandiko vya Zamani

Kasha ninalolizungumzia ni lile la plastiki ngumu lenye slaidi 24 za protista (viumbe wenye kiini halisi cha seli, wengi wao wa seli moja, wasio wanyama, mimea wala kuvu) zilizokwisha kutayarishwa na kutiwa rangi, ambalo huuzwa katika maduka ya vifaa vya maabara kwa ajili ya somo la Biolojia la sekondari na la mwaka wa kwanza wa chuo. Huja pamoja na kijitabu cha kurasa chache, na kila slaidi imebandikwa karatasi yenye jina la kisayansi la kiumbe, aina ya rangi iliyotumika na jina la kundi lake. Bidhaa za namna hii hutoka kiwandani bila jina linalojulikana, kisha kila muuzaji hulipachika lake, kwa hiyo sioni haja ya kumtaja aliyeniuzia. Atakayefungua kasha lake na kukuta slaidi zimepangwa katika makundi ya Sarcodina, Mastigophora, Ciliata na Sporozoa, yakifuatiwa na mwani na kile kinachoitwa kuvu wa daraja la chini, ajue kwamba tunazungumzia bidhaa ile ile. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya wenye haraka: vioo vyenyewe ni bora kuliko bei yake, lakini mpangilio wa viumbe ndani ya kasha umepitwa na wakati, na mwalimu atakayeufuata kama ulivyo atafundisha undugu usiokuwapo na kuuficha ule uliopo.

Nianze na vioo, kwa kuwa ndivyo vinavyolipiwa. Kingo zake zimesagwa ili zisikate vidole, vioo vifuniko vimegandishwa kwa gundi angavu, na mapovu ya hewa nimeyaona kwenye slaidi mbili tu, tena pembeni, mahali ambapo hayazuii kuona. Slaidi ya Paramecium caudatum ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kiumbe huyu ana urefu unaokaribia robo ya milimita, hivyo ukuzaji wa mara 100 unatosha kumwonesha mzima. Ukipanda hadi mara 400 unaona kiini kikubwa kilichokolea rangi, kiini kidogo kilichojibanza ubavuni mwake, mfereji wa mdomo unaoingia kwa mshazari, na vinyweleo vilivyouzunguka mwili wote. Habari ya viini viwili mwanafunzi huisoma na kuikariri bila kuiamini sana. Akiiona kwa jicho lake ndipo anapouliza swali la maana, yaani kwa nini seli moja ihitaji viini viwili. Jibu ni kwamba kikubwa huendesha shughuli za kila siku za seli, na kidogo hutunza urithi kwa ajili ya muungano wa kijinsia. Kwa bahati nzuri kasha lina slaidi nyingine inayoonesha muungano huo, paramecia wawili wakiwa wameshikana ubavu kwa ubavu wakibadilishana viini.

Amiba hawakufanikiwa kiasi hicho. Amoeba proteus hufikia nusu milimita na hata kuzidi, na kwa ukubwa huo mtu angetarajia aonekane vizuri, lakini hakuna kiumbe mgumu kumtayarisha kama yeye, kwa sababu dawa ya kugandishia ikimgusa hujikunja na kuvuta ndani miguu yake bandia. Chini ya kioo changu wamo wawili: mmoja amenyooka na miguu yake imetawanyika, mwingine amekuwa bonge lisilo na sura. Spirogyra, mwani wa kijani wa nyuzi, kwa upande wake haina kasoro hata moja. Kloroplasti yake ya utepe inayojizungusha ndani ya seli kuanzia ncha hadi ncha inaonekana waziwazi kwa ukuzaji wa chini kabisa, jambo linaloifanya iwe slaidi inayofaa kuanzia somo lolote. Diatomu, mwani wa seli moja, nao wanapendeza, hasa ukipunguza mwanga ili mistari na vitundu vya maganda yao ya silika vijitokeze. Foraminifera, viumbe wa seli moja wa baharini, wamepangwa wakavu juu ya mandharinyuma meusi, na maganda yao ya chokaa yanaonekana vyumba kwa vyumba. Maganda ya namna hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe nyingi za matumbawe, na mawe ya chokaa yaliyojengea piramidi za Giza yamejaa maganda ya jamaa zao wakubwa, Nummulites, wanaoonekana bila hadubini yoyote.

Kwa shule za kwetu, slaidi zinazostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni zile za damu. Ya kwanza ni ya Plasmodium falciparum, imepakwa tabaka jembamba na kutiwa rangi ya Giemsa. Hapa ukuzaji wa mara 400 hautoshi. Inahitajika lenzi ya mara 100 inayotumika pamoja na tone la mafuta, ili jumla ifikie mara 1000. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kimelea kichanga kilichomo ndani yake huchukua sehemu ndogo tu ya upana huo: kiduara chembamba cha buluu chenye nukta ya zambarau upande mmoja. Katika slaidi yangu zimo seli zenye viduara viwili ndani ya seli moja, na vingine vimejibandika ukingoni kabisa mwa seli, dalili mbili ambazo mtaalamu wa maabara huzitumia kuitambua spishi hii. Pembeni, baada ya kutafuta kwa subira, nilipata umbo la mundu, yaani ile hatua ya kimelea inayosubiri kufyonzwa na mbu. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine nchini Algeria, alikitambua kimelea hiki mwaka 1880 katika damu mbichi isiyotiwa rangi, na kilichomshawishi kwamba anatazama kiumbe hai ni nyuzi zilizokuwa zikichapachapa kwa nguvu kutoka kwenye mwili wake. Slaidi iliyokaushwa haiwezi kuonesha hilo, lakini inaonesha mengine ambayo Laveran hakuwa na rangi ya kuyaonea.

Ya pili ni ya Trypanosoma, kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o. Imetayarishwa vizuri mno: vimelea vimetapakaa baina ya seli nyekundu vikiwa na umbo la kujipinda, kiini katikati, nukta ndogo karibu na ncha ya nyuma, na utando wa mawimbi unaofuata mjeledi hadi mbele. Nukta ile ndogo ni kinetoplasti, fungu la DNA lililomo ndani ya mitokondria yake moja ndefu. Naomba msomaji aikumbuke, maana nitaitumia dhidi ya mpangilio wa kasha hili.

Sasa vibandiko. Mpangilio wa Sarcodina, Mastigophora, Ciliata na Sporozoa ulijengwa na wanazuolojia wa karne ya 19 kwa kigezo cha mwendo. Wanaojivuta kwa miguu bandia waliwekwa pamoja, wenye mijeledi pamoja, wenye vinyweleo pamoja, na wale wasioonekana kuwa na kiungo chochote cha mwendo wakatengewa kundi la nne. Wanabotania nao waliwachukua wenye rangi ya kijani na kuwaita mwani. Euglena, mwenye mjeledi na kloroplasti kwa pamoja, alidaiwa na pande zote mbili, na kwa miaka mingi alikuwa na makazi mawili katika vitabu. Mwaka 1866 Ernst Haeckel alipendekeza viumbe hawa wapewe himaya yao wenyewe, akaiita Protista. Baadaye Robert Whittaker alitoa, mwaka 1969, mpango wa himaya tano ambao kizazi kizima cha wanafunzi wa Afrika Mashariki tumeukariri, na Lynn Margulis akaupanua upande huu wa protista kwa jina la Protoctista, akiingiza humo hata mwani mkubwa wa baharini. Kwa mpango huo, mwani mwekundu unaolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani huko Zanzibar uko himaya moja na amiba.

Tatizo la himaya hiyo ni kwamba imefafanuliwa kwa yale ambayo wanachama wake si. Ukichukua viumbe wote wenye kiini halisi cha seli, ukaondoa wanyama, mimea na kuvu, waliobaki ndio protista. Kundi la mabaki halielezi ukoo. Tangu wanasayansi walipoanza kulinganisha jeni za ribosomu, na baadaye mamia ya jeni kwa mara moja, imedhihirika kwamba baadhi ya protista wako karibu zaidi na mimea, au na wanyama, kuliko walivyo karibu na protista wenzao. Chama cha kimataifa cha wanaprotistolojia kimechapisha uainishaji mpya uliokubaliwa na wengi mwaka 2005, kikaurekebisha mwaka 2012 na tena mwaka 2019, na katika matoleo yote hayo himaya ya Protista haimo. Kuna makundi makubwa kadhaa ya ukoo, na mipaka ya baadhi yake bado inabishaniwa.

Lawama yangu kubwa kwa kasha hili inatokana na jambo la kushangaza, kwamba slaidi zake zenyewe zinatosha kuuvunja mpangilio wake. Chukua Euglena na Trypanosoma. Kasha limemweka wa kwanza kwenye mwani na wa pili kwenye Mastigophora, akiwa jirani na Giardia, kimelea cha utumbo. Ukweli ni kwamba Euglena na Trypanosoma ni watu wa ukoo mmoja, Euglenozoa. Mjeledi wa kila mmoja hutoka ndani ya kifuko kilichozama mwilini na huimarishwa na ufito wa protini unaokwenda sambamba na nyuzi zake za kawaida, na mikunjo ya ndani ya mitokondria zao ina umbo la visahani badala ya mirija au vibamba bapa. Ukijani wa Euglena ni jambo la baadaye. Babu yake alimmeza mwani wa kijani na hakummeng'enya, na ushahidi umebaki katika tando tatu zinazoizunguka kloroplasti yake, ilhali kloroplasti ya mmea ina tando mbili. Kuna jamaa wengi wa Euglena wasio na rangi yoyote, ambao huishi kwa kula bakteria. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza na slaidi ya Euglena akahamia kwenye ya Trypanosoma amebaki ndani ya nyumba moja, na anayehamia kutoka Euglena kwenda Spirogyra, kama kasha linavyomwelekeza, amevuka umbali mkubwa kuliko ule wa kutoka binadamu hadi uyoga. Hilo la mwisho si chumvi: wanyama na kuvu wako pamoja katika kundi moja, Opisthokonta, na Spirogyra ni miongoni mwa mwani walio karibu zaidi na mimea ya nchi kavu.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwetu. Plasmodium kawekwa Sporozoa, Paramecium kawekwa Ciliata, na Ceratium, yule mwenye deraya na pembe tatu ndefu, kawekwa kwenye mwani. Watatu hawa wametawanywa katika pembe tatu za kasha, nao ni ndugu wa kundi moja liitwalo Alveolata, lililopata jina lake kutokana na vifuko bapa vilivyopangwa chini ya utando wa nje wa seli. Kwa Ceratium, deraya ile inayoonekana chini ya hadubini imejengwa ndani ya vifuko hivyo hivyo. Kwa Plasmodium kuna zaidi. Ndani ya kimelea cha malaria kimo kiungo kidogo chenye tando nne na DNA yake chenyewe, kiitwacho apikoplasti, ambacho ni mabaki ya kloroplasti. Kimelea kinachoishi gizani ndani ya ini na damu yetu kimetokana na viumbe waliokuwa wakitengeneza chakula kwa jua. Mwaka 2008 walitangazwa jamaa wake wa mbali walio hai na wanaofanya usanisinuru mpaka leo, Chromera velia, waliopatikana kwenye matumbawe ya Australia. Kiungo hicho hakitengenezi tena chakula kwa mwanga, lakini kimelea hakiwezi kuishi bila kemikali kinazozitengeneza, na kwa kuwa asili yake ya mbali ni bakteria, dawa za kuua bakteria kama doksisaiklini hukidhuru. Ndiyo sababu doksisaiklini humezwa na wasafiri kujikinga na malaria, ingawa malaria haisababishwi na bakteria. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyafuata haya yote bila shida iwapo slaidi tatu zitawekwa mbele yake kwa pamoja. Mtengenezaji wa kasha alikuwa nazo zote tatu, na kijitabu chake kimempa Plasmodium aya moja inayosema kwamba kundi lake halina kiungo cha mwendo. Hata hilo si sahihi, maana hatua inayoingia mwilini kutoka kwenye mate ya mbu huteleza kwa nguvu zake yenyewe, na gameti (seli ya uzazi) ya kiume ina mjeledi. Nyuzi zile alizoziona Laveran zilikuwa ndizo hizo.

Kundi la kuvu wa daraja la chini ndilo lililoharibika kabisa. Limebeba slaidi mbili, Physarum na Phytophthora infestans, na hakuna hata moja kati yake iliyo kuvu. Physarum ni kiumbe anayetambaa akiwa bonge moja la utelezi lenye viini visivyohesabika, na mahali pake ni Amoebozoa, jirani na Amoeba proteus na Entamoeba. Phytophthora anaota nyuzi na kutoa mbegu kama kuvu, hivyo kosa la kumwita kuvu linaeleweka, lakini ukuta wa seli zake umejengwa hasa kwa selulosi kama ya mimea, na si kwa kitini kama wa kuvu, na ndugu zake ni diatomu na mwani wa kahawia, katika kundi la Stramenopila. Huyu ndiye aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na ndiye anayewasumbua wakulima wa viazi mviringo wa Njombe, Mbeya na Nyandarua kila mvua inapokuwa nyingi na hewa ikawa baridi. Uainishaji hapa unafika shambani moja kwa moja. Dawa za kuvu zinazofanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa ergosteroli, steroli ya utando wa seli za kuvu, hazimtishi Phytophthora, kwa sababu yeye hatengenezi steroli hizo tangu awali. Zinahitajika dawa zinazolenga ukoo wake, metalaksili ikiwa mfano unaojulikana sana, ingawa nayo katika sehemu nyingi imekwisha kuzoeleka na vimelea sugu. Mkulima aliyeambiwa tu kwamba ni ukungu anaweza kununua chupa yenye picha nzuri na kupoteza fedha zake.

Kosa la mwisho la mpangilio ni slaidi ya Oscillatoria iliyowekwa miongoni mwa mwani. Oscillatoria ni bakteria. Hana kiini cha seli, na ukiitazama slaidi hiyo baada ya ile ya Spirogyra unaliona hilo bila kuambiwa: nyuzi ni nyembamba sana, seli zimebanana kama sarafu katika mrundo, na ndani hamna umbo lolote lililotengwa. Jamaa zake wa jenasi ya Arthrospira ndio chakula kikuu cha heroe wadogo wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria. Sitaki kulalamika sana kuhusu slaidi hii, kwa kuwa kuwa nayo ni faida. Mwanafunzi hawezi kuelewa maana ya kuwa na kiini cha seli mpaka amwone asiyekuwa nacho. Ila kibandiko chake kilipaswa kusema hivyo.

Lipo la kuutetea mpangilio wa zamani. Katika maabara ya zahanati, anayetafuta vimelea kwenye choo au damu hahitaji kujua ukoo wao. Anahitaji kumtenga anayetambaa na mwenye mijeledi na aliyejifungia kwenye ganda, na neno protozoa linamtosha kabisa. Slaidi za Entamoeba histolytica na Giardia zilizomo humu zinafaa sana kwa kazi hiyo. Ganda la Entamoeba linaonesha viini vyake vinne ukicheza na skrubu ndogo ya kulenga, kwa sababu viini hivyo haviko katika kina kimoja, na Giardia anakutazama kwa viini vyake viwili vilivyokaa sambamba. Kijitabu kinasema Giardia hana mitokondria, na kwa muda mrefu ndivyo ilivyofundishwa, tena kuna waliomfanya kuwa masalio ya zama kabla ya mitokondria kuwapo. Tangu mwaka 2003 inajulikana kwamba anayo mabaki yake madogo, yaitwayo mitosomu. Aliyeandika kijitabu hiki, au aliyekinakili kutoka kwa mwingine, hakukigusa tena.

Kwa upande wa mitihani, mwalimu asiogope. Makundi ya himaya tano bado yanatajwa katika vitabu vingi tunavyofundishia, na mwanafunzi lazima ajue kuyaandika. Ninachofanya mimi ni kuacha kibandiko cha awali mahali pake na kubandika kingine kidogo upande wa pili wa kioo, chenye jina la ukoo kwa penseli. Kisha slaidi zinapangwa upya katika mifereji ya kasha: Paramecium, Plasmodium na Ceratium mstari mmoja, na baada yao diatomu na Phytophthora, halafu foraminifera, kwa kuwa makundi haya matatu, Alveolata, Stramenopila na Rhizaria, yamethibitika kuwa na asili moja. Euglena na Trypanosoma wanakaa pamoja. Amoeba, Entamoeba na Physarum wanakaa pamoja. Spirogyra pamoja na mwani wengine wa kijani, Chlamydomonas na Volvox, na kile kipande cha mwani mwekundu wanapewa mstari wao, ambao ndio mstari wa mimea. Giardia anabaki peke yake mwishoni, jambo ambalo kwa sasa linaendana na hali yake, na Oscillatoria anatolewa nje ya mistari yote. Kazi hii niliwapa wanafunzi waifanye wenyewe, nikiwapa orodha ya sifa bila majina ya makundi, na mabishano yaliyotokea juu ya Physarum yalikuwa na manufaa kuliko kipindi changu chochote cha kusoma ubaoni.

Mapungufu mengine ni madogo lakini yafaa yajulikane. Hakuna slaidi hata moja yenye kipimo cha urefu, na kijitabu hakitaji ukubwa wa kiumbe yeyote, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kudhani Trypanosoma na Paramecium wanalingana kwa sababu wote wamejaa kwenye duara la kuonea. Dawa yake ni kumfundisha atumie seli nyekundu za damu kama rula, kwa kuwa zimo kwenye slaidi mbili na ukubwa wake unajulikana. Mifereji ya kasha ni mipana kidogo kuliko unene wa vioo, hivyo vioo hugongana wakati wa kusafirishwa. Kimoja changu kilifika na ufa, na nilibadilishiwa bila ubishi. Kwa shule za mwambao, kuanzia Mtwara hadi Lamu, kasha hili lisiachwe wazi wala lisifungiwe kabatini bila kitu cha kufyonza unyevu, kwani kuvu wa kweli wanapenda gundi ya vibandiko na rangi ya Giemsa huanza kufifia. Mafuta ya lenzi yafutwe kila baada ya matumizi kwa karatasi laini, bila kusugua, hasa kwenye zile slaidi za damu zisizo na kioo kifuniko.

Kitu ambacho kasha hili haliwezi kutoa ni mwendo, na kwa protista mwendo ni nusu ya habari. Kwa bahati hilo halinunuliwi. Majani makavu yakilowekwa kwenye maji ya bwawa na kuachwa kwenye kivuli, baada ya siku chache huwa na wenye vinyweleo wengi kiasi cha kutosha darasa zima. Tone moja lililofunikwa kioo, likiwa na nyuzi mbili tatu za pamba ili kuwapunguza mbio, huonesha vakuoli ya Paramecium, kifuko cha kutolea maji ya ziada, ikijaa na kujikamua kwa mapigo, kitu ambacho hakuna slaidi iliyotiwa rangi inayoweza kukionesha. Mwalimu aonye tu kwamba maji hayo si ya kuchezea, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Bei ya kasha haifiki nusu ya ile ya hadubini ya kawaida ya mwanafunzi, na kwa kiwango cha vioo vyenyewe naiona ni bei ya haki. Shule yenye hadubini japo moja yenye lenzi ya mafuta inunue bila kusita, ilimradi kuna mwalimu atakayevisahihisha vibandiko. Shule ambayo hadubini zake zinaishia ukuzaji wa mara 400 iwe na tahadhari zaidi, maana slaidi za damu, ambazo ndizo sababu kubwa ya kulinunua, hazitaonesha zaidi ya vidoadoa. Kwa shule hiyo ni afadhali kununua slaidi za Paramecium, Spirogyra, diatomu na Volvox moja moja, kwani maduka mengi hukubali kuziuza hivyo ukiuliza, na fedha zitakazobaki ziwekwe akiba ya lenzi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kuiona slaidi ya amiba chini ya hadubini ya dukani. Hiyo ndiyo ngumu kuitengeneza, na aliyeifanya vizuri kwa kawaida hajaharibu zilizobaki.